Kuzunguka Dubai kwa nauli ndogo: mambo ya kuzingatia kabla hujaondoka Kigoma

Wafanyabiashara wetu wa Mwanga na Ujiji wakirudi Dubai husimulia bei za mabaibui, simu na vyombo mpaka usiku. Nauli hawazitaji. Ukiwabana ndipo unasikia kwamba walikuwa wanaita teksi asubuhi na jioni, na faida ya mabaibui mawili matatu imeishia barabarani. Hakuna haja. Mji ule una metro, mabasi na mashua, na tiketi ya kuzunguka siku nzima kanda zote (mji umegawanywa kanda za nauli) ni dirham 20. Ila kuna mambo uyajue ukiwa bado hapa, maana kule hakuna konda wa kubembelezwa.

Anza na siku ya kurudi. Najua wengi mnaanza na siku ya kufika, na ndiyo maana mnaumia. Nitalifikia hilo.

Pesa kwanza. Beba dola safi, zisizochanika. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.67, kwa hiyo anayekupa 3.40 ujue amekukata na wala soko halijabadilika. Uwanjani badilisha za kutosha kununua kadi na kula, basi.

Kadi yenyewe inaitwa Nol. Chukua ya rangi ya fedha: unalipa dirham 25, na ndani yake zinabaki 19 za kusafiria. Kuna tiketi nyekundu ya karatasi ambayo wageni huikimbilia kwa kuwa inaonekana rahisi, lakini safari ya kanda moja inakuwa dirham 4 badala ya 3. Kwa kadi ya fedha kanda moja ni 3, kanda mbili zinazopakana ni 5, zaidi ya hapo ni 7.5. Ukishuka metro ukapanda basi kabla ya dakika 30 kwisha, inahesabiwa safari ileile. Kila mtu na kadi yake. Mke na mume hamchangii. Na gusisha kadi kwenye mashine unapoingia na unaposhuka, hata kwenye basi. Wengi wanasahau kwenye basi kwa sababu hakuna geti la kuwazuia mlangoni, halafu wanashangaa salio limekwenda wapi. Dereva wa basi hapokei hela taslimu, usimnyooshee noti.

Mashua za kuvuka hori kati ya Deira na Bur Dubai, zile za mbao ziitwazo abra, ni dirham 1 tu. Hizo lipa kwa sarafu mkononi. Kwa sisi tuliokulia kando ya Tanganyika ni safari ya kupunga upepo, lakini kwa mtu wa sokoni ni njia ya mkato ya kweli.

Angalia tiketi yako ya ndege imeandikwa Terminal ngapi, yaani jengo gani la abiria. Ya 1 na ya 3 zina stesheni ya metro pale pale. Ya 2 haina. Ukichukua teksi uwanja wa ndege, mita inaanza na dirham 25 kabla gurudumu halijazunguka.

Majina ya stesheni yamebadilishwa, kwa hiyo usiende na karatasi uliyoandikiwa na mtu aliyekwenda zamani. Rashidiya siku hizi ni Centrepoint. Palm Deira ni Gold Souq. Al Fahidi ni Sharaf DG. Mistari ni miwili, mwekundu na kijani, na inakutana Union na BurJuman. Ukizishika hizo mbili hupotei.

Ndani ya treni usile, usinywe, usitafune hata jojo. Faini ni dirham 100. Sisi tuliozoea treni ya Tabora, ambapo ukifika Uvinza dirisha linajaa vyakula, tunapata taabu kidogo hapo. Kuna behewa la daraja la juu, la dhahabu, usiingie kwa kadi ya fedha hata kama viti vyake ni vitupu: 100 nyingine. Kuna sehemu ya wanawake na watoto, imeandikwa na kuchorwa mstari wa waridi sakafuni. Baba, ukijikuta umezungukwa na kina mama watupu, toka haraka.

Mzigo nao una vipimo. Metro wanaruhusu sanduku moja kubwa lisilozidi sentimeta 81 kwa 58 kwa 30, na dogo la mkononi. Shangazi kaja iliyofutuka hadi zipu inalia haitapita, na mlinzi hana habari kwamba umetoka mbali. Nguo nyingi wape watu wa kago wafunge hukohuko dukani, wewe upande na begi lako la kawaida.

Sasa hilo la siku ya kurudi.

Metro inaanza saa 11 alfajiri siku za kazi. Jumapili inaanza saa 2 asubuhi. Hapo ndipo watu wanapolia. Zamani siku ya kuchelewa ilikuwa Ijumaa, kwa sababu mapumziko yao ya wiki yalikuwa Ijumaa na Jumamosi. Januari 2022 wakahamishia mapumziko Jumamosi na Jumapili, na ratiba ya metro ikafuata. Mtu aliyekwenda kabla ya hapo anakupa ushauri kwa moyo mweupe kabisa, na ushauri wenyewe umeshaoza.

Kundi letu lilikuwa na mama mmoja wa Ujiji, mzoefu, wa enzi za kabla ya korona. Sote tulimfuata kama kuku na vifaranga. Ndege ilikuwa Jumapili asubuhi, na usiku wa kuamkia siku hiyo kila mtu alimaliza dirham zake, si ndiyo furaha ya siku ya mwisho? Mmoja alitoa noti ya mwisho kwenye ndala za watoto. Dada mmoja akauliza kama metro itakuwa imefunguliwa. Mama akasema, "Mwanangu, ni Ijumaa tu ndiyo wanachelewa." Nani abishane naye?

Saa 11 na nusu tuko mlangoni pa stesheni na masanduku. Geti limeshushwa. Mlinzi akaonyesha vidole vinane, yaani saa 2 yetu, na saa yake ya mkononi. Kwenye kadi tulikuwa na dirham kumi na kitu kila mtu, na maduka ya kubadilishia fedha yote yamefungwa. Ikabidi turudi hotelini, kijana wa mapokezi akatubadilishia dola kwa bei aliyojisikia. Teksi zikahitajika mbili, kwa kuwa masanduku hayakuingia kwenye moja. Tulipofika uwanjani muda wa kupanga upya mizigo iliyozidi kilo haukuwepo, na begi la vyombo la yule aliyenunua ndala likabaki sakafuni. Mama wa Ujiji hakusema neno mpaka Dar.

Kwa hiyo: ukikata tiketi, tazama siku na saa ya kuondoka, halafu hesabu kurudi nyuma utafikaje uwanjani. Kama ni Jumapili alfajiri, ongea na dereva teksi siku moja kabla. Kunja dirham 60 uziweke ndani ya pasipoti, uzisahau. Saa za metro muulize mhudumu wa stesheni ukiwa huko, usimuulize jirani yako hapa.

Mengine ni madogo. Kwenye basi viti vya mbele ni vya wanawake. Pakua ramani ya mji kwenye simu kabla hujaondoka, na ujue kwamba kule ujumbe wa WhatsApp unapita lakini kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, usipange kukutana na mwenzako kwa kutegemea hilo. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 40, usijifanye shujaa wa kutembea stesheni tatu ili kuokoa dirham 3. Beba kadi ya hoteli yenye anwani. Usipige picha watu, hasa wanawake. Dawa zako ziende na cheti cha daktari, maana baadhi ya dawa za maumivu tunazonunua dukani hapa kule ni kesi. Na kifurushi cha mtu usiyemjua, hata akikuapia ni unga wa muhogo wa kaka yake, usikipokee.