Unataka kuhama chuo cha jamii? Tunza silabasi

Wewe uliye chuo cha jamii (chuo cha miaka miwili) huko Marekani na unataka kuhamia koleji ndogo za elimu huria, yaani za masomo mapana kama fasihi na sayansi, kama vile Amherst, Vassar au Smith: kila muhula ukiisha, hifadhi silabasi ya kila somo, pamoja na insha ulizoandika. Chuo kipya hakikupi krediti, yaani hakikuhesabii somo ulilokwisha kusoma, kwa jina la somo tu. Wanataka kuona mlisoma nini hasa. Masomo ya ufundi na ya cheti cha kazi mara nyingi hayahesabiwi huko, hata kama ulipata A. Jaza ratiba yako historia, fasihi, hisabati, biolojia na lugha. Wala usikimbilie kurundika krediti, maana vingi vya vyuo hivi vinakutaka usome kwao angalau miaka miwili, na za ziada zitabaki mapambo.

Barua ya mapendekezo iombe kwa mwalimu aliyesoma insha zako, si kwa mkuu wa idara asiyekujua hata sura.

Ada zao zinatisha, najua. Ila Amherst na Vassar hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia, kwa hiyo pitia kwanza kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya chuo kabla ya kukata tamaa. Na dada zangu mliofikisha miaka 24, ulizieni programu iitwayo Ada Comstock pale Smith na ile ya Frances Perkins pale chuo cha Mount Holyoke. Hizo ni programu za wanawake wanaorudi shule ukubwani.