SOMO: Ndimu na chumvi zinafanya nini kwenye mafuta yaliyoshikwa na gundi ya mgunga

Wadau habari zenu. Wengi mnaotengeneza sharubati yenye mafuta ya machungwa mnalalamika kwamba mkikamulia ndimu tu mafuta yanapanda juu, na mimi nasema ndimu mara nyingi inasingiziwa, ishu kubwa ni mpangilio wa kuweka vitu. Tufanye jaribio, mtaona wenyewe.

Tafuta gundi arabika ya unga (ndiyo hiyo gundi ya mgunga, kwenye pakiti za vyakula inaandikwa E414), mafuta ya alizeti, kinu kikavu na mizani ndogo.

Hatua ya 1. Tumia kipimo cha wafamasia cha 4:2:1, yaani mafuta ml 40, maji ml 20, gundi gramu 10. Changanya gundi na mafuta kwanza mpaka mabonge yaishe, halafu mimina maji yote 20 kwa mkupuo na usage fasta bila kupumzika, baada ya dakika chache rangi inageuka nyeupe na utasikia mlio wa ta ta ta chini ya mchi, hapo imeshika. Usiongeze maji kabla ya huo mlio.

Hatua ya 2. Sasa ongeza maji kidogokidogo hadi jumla ifike ml 200, gawa chupa 4.

Hatua ya 3. Chupa ya kwanza iache hivyohivyo, ya pili weka kijiko cha ndimu, ya tatu chumvi gramu 1, ya nne vyote viwili. Angalia kesho yake.

Zote zitapandisha utando mweupe juu, maana matone ya kinu ni makubwa, so usikate tamaa. Tikisa. Ikirudi nyeupe yote basi matone bado mazima. Ukiona mafuta angavu yanaelea na hayarudi, hiyo ndo imevunjika kweli, na watu wengi wanachanganya haya mambo mawili.

Sababu yake ni hii: gundi ni sukari ndefu zenye matawi pamoja na protini kidogo sana, kama asilimia 2, protini inang'ang'ania tone la mafuta na zile sukari zinasimama nje kwenye maji kama manyoya, zinazuia matone yasigusane. Sukari hizo zina chaji hasi ya umeme pia, inayofanya matone yasukumane. pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka asidi imezidi) ikishuka chini ya 3 chaji inapungua sana, na chumvi nayo inaifunika, ila manyoya yanabaki, ndo maana gundi hii inavumilia soda yenye pH 3 wakati maziwa yakifika kama 4.6 tu yanakatika. Chumvi inachoharibu zaidi ni uzito wa yale maji ya gundi, yanakuwa mepesi na matone yanapanda haraka.

MASWALI

Mkuu, mimi naloweka gundi kwenye maji ya ndimu moja kwa moja, nakosea?

Ndio mkuu. Kwenye asidi kali au chumvi nyingi gundi inajikunja badala ya kujinyoosha. Loweka kwenye maji matupu, tengeneza mchanganyiko wako mweupe wa mafuta kwanza, ndimu na chumvi ziyeyushe pembeni ziingie mwisho huku unakoroga.

Maji yangu ni ya kisima, sabuni haitoi povu kabisa.

Hayo yana kalsiamu dada, na kalsiamu inafunga chaji ya gundi kwa nguvu kuliko chumvi ya mezani. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa.

Nikiweka gwaru (unga wa mbegu za guar) badala yake?

Gwaru haina chaji kwa hiyo chumvi haiisumbui sana, lakini inanenepesha maji tu, kulishika tone haiwezi kama arabika. Ziweke pamoja kama unataka uzito, ila gwaru kidogo sana.

Na kwenye losheni yenye boraksi (ile chumvi ya boroni)?

Hapo usijaribu kabisa, boraksi inaigandisha gundi.