Somo: Wolpepa nyumbani, tuanze na ukuta

Wolpepa ya kwanza niliyobandika ilidondoka saa nane usiku. Tulikuwa tumepanga Tabata, na ukuta wa chumba chetu ulipakana na bafu. Nilinunua roli za stika Kariakoo, rangi ya krimu na majani ya dhahabu, nikabandika mwenyewe Jumamosi, Jumapili nikaita shoga zangu waje waone. Masika yalipoingia, usiku mmoja tukasikia praaa! Mume wangu akakurupuka kutafuta panga akidhani mwizi. Kumbe ni wolpepa, imejimenya toka juu hadi chini na kujikunja juu ya kabati. Nikawasha taa. Ukuta umejaa madoa meusi ya fangasi, na harufu ni ile ya nguo zilizolala ndooni siku mbili. Asubuhi nikaenda dukani kugomba kwamba wameniuzia gundi feki.

Gundi haikuwa na kosa. Ukuta ulikuwa unavuta maji, nami nilichagua ua kabla ya kuukagua.

Hatua ya 1: Kagua ukuta

Chukua nailoni safi, kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne, hewa isipite. Iache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe: yanapanda toka ardhini, bomba linavuja, au ni bafu la upande wa pili. Matone yakiwa upande wa nje, huo ni unyevu wa hewa ya chumbani, na hapo dawa ni kufungua madirisha. Jaribu chini karibu na sakafu, na ukiweza jaribu wakati wa mvua. Ukuta wa Januari hapa Dar unadanganya.

Ukiona unga mweupe kama chumvi, ni chumvi kweli. Maji yameibeba toka ndani ya tofali, yakakauka, ikabaki juu. Ukiikwangua tu ukabandika, umejidanganya, maana maji yatarudi nayo. Tafuta kwanza yanakotoka. Lipu mpya nayo ipe angalau wiki nne ikauke.

Kisha pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, una chokaa au rangi ya bei rahisi inayotoa unga, na gundi itaushika huo unga badala ya ukuta. Kwangua, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, subiri ikauke. Mashimo ya misumari yazibe na uyasawazishe, kwa sababu wolpepa nyembamba haifichi kitu. Inaonyesha kila kinundu, hasa jioni taa ikipiga kwa pembeni.

Hatua ya 2: Jua unachonunua

Madukani utakutana na aina nne. Ya karatasi tupu ni rahisi ila maji huiharibu. Ya vinaili ina ngozi ya plastiki juu, inafutika, lakini hairuhusu ukuta kupumua. Ya nyuzi, ambayo mgongo wake unafanana na kitambaa kigumu, ndiyo ninayompendekezea anayeanza: hailowi ikatanuka, gundi unapaka ukutani, na siku ya kuibandua inatoka kipande kizima. Ya nne ni stika, ya kumenya na kubandika. Hiyo inataka ukuta laini, mkavu, uliopakwa rangi nzuri ya mafuta au ya silki. Kwenye niru mbichi haikai hata wiki.

Soma lebo. Alama ya mawimbi inahusu kusafisha: wimbi moja, unafuta kwa sponji kwa upole, mawili au matatu, inaoshwa. Alama ya jua inaonyesha inavyostahimili mwanga. Na kuna namba ya bechi, yaani ya roli zilizotengenezwa pamoja. Hakikisha roli zote zina namba moja, la sivyo utapata krimu mbili tofauti ukuta mmoja, na utaziona ukishamaliza kubandika.

Hatua ya 3: Hesabu

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo kaa na kalamu.

Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10 hivi. Muuzaji atakuuliza ukubwa wa ukuta, atazidisha upana kwa urefu, atagawanya kwa 5.3, atakwambia idadi. Kwa wolpepa isiyo na ua hesabu hiyo inakaribia. Yenye ua kubwa, utakwama katikati ya ukuta.

Chukua mfano wa sebule ya shangazi yangu, nyumba ya zamani yenye dari la juu. Ukuta mmoja, upana mita 3.6, kimo mita 3.2. Kwa hesabu ya dukani ni mita za mraba 11.52, gawanya kwa 5.3, jibu 2.17, basi roli tatu. Sasa hesabu kwa vipande. Mita 3.6 gawanya kwa 0.53 ni 6.8, kwa hiyo vipande saba. Kila kipande ni kimo cha ukuta na sentimita 10 za kukatia juu na chini: mita 3.3. Kama haina ua, roli inatoa vipande vitatu, na roli tatu zinatosha. Lakini shangazi alipenda ua linalojirudia kila sentimita 64. Ili ua lilingane na la jirani yake, urefu wa kukata lazima uwe mara kamili ya 64. Mara tano ni mita 3.2, haifiki. Mara sita ni mita 3.84. Roli ya mita 10 inatoa viwili tu, na vipande saba vinataka roli nne.

Urefu huo wa ua kujirudia umeandikwa kwenye lebo pembeni ya alama ya mishale. Mishale ikitazamana, maua yanalingana usawa mmoja. Ikipishana, kila kipande kinashuka nusu ya ua, na roli moja ya ziada ni akili. Mshale wenye sifuri maana yake bandika utakavyo.

Hatua ya 4: Bandika

Andaa pima maji au timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni), futi, penseli, kisu chenye wembe mpya, brashi ya gundi, sponji, ngazi na ndoo mbili. Zima umeme kwenye meinswichi kabla ya kufungua vifuniko vya soketi. Gundi ni maji, na maji na soketi havina urafiki.

Usianze kwa kufuata kona. Kona za nyumba zetu hazijanyooka, na ukiifuata, kipande cha tano kitakuwa kimelala. Pima sentimita 50 toka konani, shusha timazi, chora mstari wa penseli. Kipande cha kwanza kinafuata mstari huo, na zile sentimita tatu za ziada ndizo zinaingia konani.

Gundi ya unga ikoroge kwenye maji baridi ukiimwaga kidogo kidogo, uiache kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ya nyuzi, paka gundi ukutani. Ya karatasi, paka mgongoni, ikunje gundi kwa gundi, isubiri dakika tano hadi kumi inyonye na kutanuka. Wanaoruka hatua hii ndio wanaolalamika malengelenge, maana karatasi inamalizia kutanuka ikiwa tayari ukutani.

Bandika toka juu ukiacha sentimita tano za kukata. Sukuma hewa toka katikati kwenda pembeni. Kingo zigusane bila kupandana. Gundi iliyotokeza ifute papo hapo kwa sponji safi, ikikauka inang'aa. Wembe ukianza kuchana badala ya kukata, vunja ncha, tumia mpya.

Halafu jambo ambalo mafundi wengi wa hapa hawalisemi: zima feni na AC mpaka kesho yake. Ninajua joto. Lakini upepo hukausha kingo haraka kuliko katikati, zinasinyaa, na mishono inafunguka.

Maswali ya wanachama

Dada habari. Nimepanga, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya gundi. Nifanyeje?

Nzuri, mdogo wangu. Stika inaweza, ila ijaribu kwanza nyuma ya mlango kwa wiki mbili uone kama inaondoka na rangi. Ukiibandua, ipashe moto kwa draya ya nywele na uivute taratibu kuelekea chini, usiivute kuja kwako. Na ruhusa omba kwa meseji, ibaki maandishi.

Asalaam alaykum. Niko Mombasa, Mji wa Kale, nyumba ya mawe na chokaa. Mke wangu anataka vinaili chumbani.

Waalaykum salaam kaka. Mwombe radhi shemeji, hapo sishauri. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa plastiki, unyevu unabaki ndani na chokaa inamomonyoka nyuma yake. Kama anataka nakshi, mtengenezee fremu kubwa ya mbao, bandika wolpepa kwenye ubao, iangike ikiacha nafasi nyuma. Inapendeza, na mkihama mnaondoka nayo.

Zile tofali za sponji za kubandika, naweza kuweka nyuma ya jiko la gesi? Nimeona video nyingi.

Nami nimeziona. Usiweke. Ile ni povu ya plastiki, inashika moto, na ikiungua inadondoka matone ya moto na kutoa moshi mbaya. Nyuma ya jiko weka vigae. Hizo sponji zikae kwenye kichwa cha kitanda, mbali na mishumaa na pasi.

Naweza kubandika juu ya wolpepa ya zamani?

Kama ya zamani ni ya vinaili, hapana, gundi haishiki. Ibandue. Ikigoma, chana ngozi ya juu kwa kisu bila kuugusa ukuta, lowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, subiri robo saa, kwangua.

Mama, shikamoo. Mtoto amechora kwa kalamu ya wino sebuleni, wolpepa ina miezi miwili. Nimejaribu kila sabuni.

Marahaba mwanangu. Acha kusugua, unatoa rangi ya ua. Una mabaki ya roli? Kata kipande kikubwa kuliko mchoro, kiweke juu yake maua yalingane, kishike kwa selotepu ya karatasi. Pitisha wembe mpya ukate tabaka zote mbili kwa pamoja, kwa kufuata mistari ya ua badala ya mraba. Toa cha chini, paka gundi, weka cha juu. Na yule mchoraji mpe daftari.