Namna ya Kupiga Picha za Buabua Wakiruka Kisiwani Kisite Majira ya Kusi

Kisite ni kisiwa kidogo cha mwamba wa matumbawe kilicho kusini mwa Wasini, katika Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa baharini wa Kenya na Tanzania. Wageni wengi wanaotoka Shimoni kwa mashua kwenda huko hufuata samaki, matumbawe na pomboo, na wachache ndio huinua macho kuutazama mwamba wenyewe, ambako katika miaka mizuri buabua, ndege wa baharini wenye kifua cha rangi ya waridi (Sterna dougallii), hutaga kwa mamia, kwa kawaida kati ya Juni na Oktoba. Anayetaka kuwapiga picha wakiwa hewani hana haja ya kuvikaribia viota. Anachohitaji ni kuijua njia ambayo ndege hupita wakitoka baharini na samaki mdomoni, kisha aiweke mashua kando ya njia hiyo, jua likiwa mgongoni mwake na upepo ukiwakabili ndege.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini. Buabua huyu ana upana wa mabawa wa takriban sentimita 75. Ukitumia lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ambayo kitambuzi chake, yaani bamba linalopokea mwanga, kina upana wa milimita 36, ndege aliye umbali wa mita 50 atachukua sehemu moja tu ya sita ya upana wa picha, lakini yule anayepita mita 20 kutoka kwenye mashua atachukua zaidi ya sehemu mbili za tano. Ndege anayerudi kiotoni hapangi safari yake kwa kuikwepa mashua iliyotulia, na mara nyingi atapita karibu nawe kuliko ambavyo ungethubutu wewe kumkaribia. Mpiga picha anayemsukuma nahodha asogee zaidi kuelekea mwambani hupata kundi lililotaharuki, lenye migongo na mikia iliyomgeukia, na hiyo si picha ya kujivunia.

Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ni ya upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, na ndege wote wa baharini hutua na kuruka wakiukabili upepo. Ndege anayekwenda mita 10 kwa sekunde angani, akikutana na upepo wa mita 7 kwa sekunde, husogea mbele ya macho yako kwa mita 3 tu. Hapo ndipo buabua huonekana kama amening'inizwa kwa uzi juu ya kiota chake, akirekebisha mkia na ncha za mabawa kabla ya kushuka. Siku isiyo na upepo, ndege huyo huyo atapita kabla hujampata ndani ya fremu. Ndiyo maana mimi siisubiri bahari shwari kama wafanyavyo wapiga mbizi, ingawa nakiri kwamba tumbo la msafiri halikubaliani nami kila mara.

Tatizo ni kwamba upande mzuri kwa mashua si mzuri kwa picha. Upande wa demani, yaani kaskazini magharibi mwa kisiwa, umekingwa na mawimbi na nahodha yeyote angependa kukaa huko. Lakini kutoka hapo ndege wanaotua wanakupa mkia, na asubuhi jua linakuangaza usoni. Upande wa kusini mashariki ungekupa nyuso za ndege, ila mawimbi ya Kusi huko hayaruhusu mashua ndogo kukaa salama karibu na miamba. Mahali panapofaa ni mkabala na ncha ya kaskazini mashariki. Mwezi wa Julai na Agosti jua la asubuhi hutokea upande wa mashariki uliopinda kuelekea kaskazini, kwa hiyo ukiwa kwenye ncha hiyo unalipa mgongo, na ndege anayeukabili upepo wa kusini mashariki anakuonyesha ubavu wake wa kushoto wote ukiwa umemulikwa. Mwombe nahodha atie nanga mbali kidogo, mashua igeuze omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo na itulie, kisha azime mashine. Mashua inayozunguka na mashine yake ikinguruma huwasumbua ndege na kuitikisa kamera.

Saa nazo zinafungwa na upepo huo huo. Alfajiri mara nyingi kuna umande tu, upepo mwepesi wa kutoka bara, na Kusi huanza kushika nguvu jua linapopanda. Baada ya saa nne asubuhi hewa iliyo juu ya mwamba huanza kucheza kwa joto, na hakuna lenzi, hata ya bei gani, inayoweza kurudisha ukali wa picha uliopotea kwenye hewa ya namna hiyo. Muda wa kazi, basi, ni kati ya saa moja na nusu na saa nne. Panga siku ya maji mafu ikiwezekana, yaani siku ambayo maji hujaa na kupwa kidogo tu. Katika maji ya bamvu tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3 kwenye pwani hii, mkondo huwa mkali, na maji yakipwa miamba hujitokeza na kukulazimisha kukaa mbali kuliko ulivyokusudia. Kabla hujalipa chochote, waulize manahodha wa Shimoni au askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, kama ndege wametaga mwaka huo, kwa sababu buabua hawa ni wageugeu: mwaka mmoja huja kwa wingi, mwingine wakawa wachache au wakahamia mwamba mwingine. Wanaoishi upande wa kaskazini wanaweza kujaribu Whale Island, kwenye mlango wa hori ya Mida huko Watamu, ambako mbali na buabua hawa hutaga pia wale wenye mgongo wa kijivu kilichoiva na paji jeupe (Onychoprion anaethetus).

Sasa kamera yenyewe. Weka mipangilio yote kwa mkono, usiiachie kamera ikuamulie mwanga. Ndege mmoja katika sekunde mbili atapita mbele ya anga angavu, kisha mbele ya bahari ya buluu, kisha mbele ya mwamba mweusi. Kamera inayopima mwanga yenyewe itabadilisha hesabu mara tatu ilhali mwanga unaomwangukia ndege haujabadilika hata kidogo. Kwa jua la asubuhi lisilo na mawingu anza na kasi ya shata ya 1/3200, tundu la lenzi f/8 na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 640, piga ndege mmoja, kisha itazame picha hiyo ikiwa imekuzwa. Manyoya meupe ya shingo na kifua yanapaswa kuonyesha mistari yake. Yakiwa bapa kama karatasi, punguza ISO. Wingu likifunika jua, pandisha ISO badala ya kupunguza kasi ya shata, kwa maana chini ya 1/2500 ncha za mabawa huanza kufifia, na mashua nayo inayumba.

Kichwa cha buabua ndicho kinachowashinda wengi. Ana kofia nyeusi inayoshuka hadi kwenye jicho, na jicho lenyewe ni jeusi, kwa hiyo bila nukta ya mwanga ndani yake ndege huonekana kama asiye na macho. Nukta hiyo hupatikana jua likiwa chini, nyuma yako, na ndege akiwa amegeuza kichwa kidogo upande wako. Jua likishapanda hupotea. Kuna fidia moja, hata hivyo: juu ya maji mafupi yenye mchanga mweupe, mwanga unaorudi kutoka chini huyamulika mabawa kwa ndani na kuyapa ubuluu na ukijani hafifu wa maji, na kivuli kizito cha tumboni hupungua. Ukiona mahali pa namna hiyo kwenye njia ya ndege, mwelekeze nahodha asogeze mashua ili uwapige ndege wakiwa juu ya mchanga huo.

Kwa fokasi, tumia ile inayomfuata kiumbe bila kukoma, na uchague eneo la katikati lenye nukta kadhaa badala ya nukta moja au fremu nzima. Kamera za siku hizi zinazotambua jicho la ndege husaidia sana dhidi ya anga, lakini juu ya bahari zinaweza kudanganywa na vimelimeli vya mawimbi. Ikitokea hivyo, rudi kwenye eneo dogo. Kama lenzi yako ina kitufe cha kuzuia fokasi isitafute vitu vya karibu, kiwashe. Ufundi mwenyewe ni wa mwili zaidi kuliko wa mashine. Mchague ndege angali mbali, mwingize katikati ya fremu, mfuate kwa kiuno na mabega na si kwa mikono peke yake, acha fokasi imshike, na ubonyeze tu anapofika pale ulipopanga, ukiendelea kumfuata hata baada ya kuachia kitufe. Jicho la pili liwe wazi ili lione anayekuja. Tripodi haina kazi ndani ya mashua, kwani huleta mtikisiko wote wa chombo hadi kwenye lenzi. Keti chini, viwiko vikiwa karibu na mbavu, na usiegemee ubavu wa mashua. Lenzi nyepesi ya milimita 300 au 400 utakayoishika kwa saa mbili ni bora kuliko ile kubwa itakayokuchosha kabla upepo haujaamka.

Usilipige kundi. Kundi hutoa picha ya vidoadoa. Mtafute ndege aliyebeba samaki, kwa kuwa huyo anajua anakokwenda: hutoka baharini kwa mstari ulionyooka, hurudia takriban njia ile ile, na hupunguza mwendo kabla ya kutua. Wavuvi wa pwani huwatumia ndege hawa kujua jodari walipo, kwa kuwa jodari huwasukuma samaki wadogo hadi juu ya maji. Tazama kundi linapolia na kutumbukia, na utajua safari inayofuata ya chakula itaingia kisiwani kwa upande gani. Bonyeza mabawa yakiwa juu kabisa au chini kabisa, na uache nafasi mbele ya mdomo kuliko nyuma ya mkia, ukikumbuka kwamba mkia wa buabua huyu una nyuzi mbili ndefu ambazo hukatwa kirahisi na ukingo wa fremu. Angalia mdomo pia: wakati wa kuzaliana, mdomo ambao huwa mweusi hugeuka mwekundu kuanzia shinani, na wekundu huo huipa picha uhai.

Kuhusu ndege wenyewe sina mzaha. Mwambani hakuna kivuli. Yai au kinda lililoachwa juani kwa dakika chache linaweza kufa kwa joto, na kunguru au kaa hawangoji kualikwa. Usishuke kisiwani msimu wa viota, hata kama mwenzako ameshuka, na usirushe droni. Ndege mmoja mmoja akipiga kelele juu ya mashua, umefika karibu mno. Kundi zima likiinuka kwa pamoja na kunyamaza ghafla, kisha likaelekea baharini, mwambie nahodha arudi nyuma papo hapo, na usipige picha ya tukio hilo. Mita 50 kutoka kwenye ukingo wa mwamba ndio mpaka ninaouheshimu, na ndege wenye makinda makubwa huweza kuhitaji zaidi.

Chumvi haikwepeki. Funika kamera kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, usibadilishe lenzi ukiwa majini, na rasharasha ya maji ya bahari ikiangukia kioo, ipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kutumia kikavu, la sivyo chembe za chumvi zitakikwaruza.

Nyumbani utakuta picha nyingi za kutupa, na huko ni kawaida. Kabla ya kufuta, kuza miguu ya kila ndege. Baadhi yao wanaweza kuwa wamevishwa pete ya chuma na watafiti, na picha kadhaa za ndege yule yule akipita kwa pembe tofauti huweza kukupa namba kamili. Iandike pamoja na tarehe na mahali, uipeleke Makumbusho ya Taifa ya Kenya huko Nairobi.