Mtoto kaletwa na degedege usiku, unaanzia wapi?

Hii nawaandikia manesi wenzangu, hasa nyie wa juzi juzi mnaopangwa zamu ya usiku watu wawili wodi nzima. Mama anaingia mbio, mtoto kakakamaa mikononi, nyuma yake bibi anapiga kelele "msimchome sindano, degedege ukilichoma mtoto anakufa!" Usibishane nae saa hiyo. Mwambie sawa bibi, halafu piga kazi.

Mlaze mtoto ubavu, toa kijiko kama wamemuwekea mdomoni (na mara nyingi wamemuwekea), futa mate, sikiliza anavopumua. Oksijeni muwekee hapo hapo, mirija ya puani lita 1 mpaka 2 kwa dakika, usisubiri daktari aandike.

Bado anatetemeka? Diazepam (dawa ya kutuliza degedege) kwa njia ya haja kubwa, 0.5 mg kwa kilo. Ile ampuli yetu ni 10 mg kwenye 2 ml kwahiyo mtoto wa kilo 10 anapata 1 ml. Bomba dogo, toa sindano, ingiza kama sentimita 4 au 5, sukuma, bana makalio dakika chache isirudi. Na hapo bibi hana neno, hakuna aliyechomwa. Subiri dakika 10 kabla ya kurudia na ambu begi (mfuko wa kumpulizia hewa) iwe mkononi, maana dawa hii inaweza kumsahaulisha mtoto kupumua.

Sasa sukari, na hapa ndo tunaumiza watoto. Mi mwenyewe nikiwa mgeni kazini nilimpa mtoto diazepam mara mbili, nahangaika, nashangaa mbona halitulii, kuja kupima sukari 1.4 mmol/L. Sijasahau mpaka leo. Pima mapema, tone moja tu la damu wakati unatafuta mshipa. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L (kwa mwenye utapiamlo mkali chini ya 3) mpe dextrose (maji ya sukari ya mshipani) 10%, 5 ml kwa kilo. Kama kabatini iko ya 50% tu usiipeleke hivyo hivyo inaunguza mishipa, vuta 10 ml changanya na 40 ml ya maji ya sindano, hiyo 50 inamtosha wa kilo 10. Vijiti vya kupimia vimeisha? Mtibu kama imeshuka. Mshipa umegoma na taya zimeshaachia, kijiko cha chai cha sukari ilolowana kidogo, chini ya ulimi, rudia kila dakika 20.

Dripu usikimbilie. Mikono ya baridi, kucha ukiibonyeza inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi rangi, mapigo dhaifu ya haraka, vyote vitatu kwa pamoja ndo shoki (damu haifiki vya kutosha mwilini). Utafiti wa FEAST wa 2011 ulifanyika hukuhuku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3141, waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, kama 10.5%, wasiomiminiwa 7.3%. Mtoto wa kuharisha ni habari nyingine, huyo anahitaji maji.

Malaria ikionekana, anza artesunate, 3 mg kwa kilo kama hajafika kilo 20. Nusu saa ikipita rudia sukari hata kama kafumbua macho anataka kunyonya. Halafu mtafutie bibi kiti, sasa ndo mkae muongee kuhusu sindano.