Tangi la matumbawe Kisumu au Nakuru: stima na maji kwanza, samaki mwisho

Wengi wanaotaka tangi la maji ya bahari nyumbani, lenye matumbawe na samaki, huanza na samaki. Mtu ameona samaki aitwaye kangaja wa samawati kwenye simu, anamtaka sebuleni, ndipo anaulizia tangi. Ukiwa Mombasa unaweza kuponea chupuchupu kwa mpango huo, kwa sababu maji ya bahari hayako mbali. Kisumu iko zaidi ya kilomita 800 kutoka huko. Maji yakiharibika usiku hutayapata mengine kabla ya kukucha, kwa hiyo nunua kwanza vitu vinavyoyaweka maji hai.

Hesabu zote hapa ni za tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 40. Hizo ni lita 200 kwenye karatasi, lakini ukishaweka mawe na kuacha nafasi juu, zinabaki kama 170. Usidanganyike kwamba tangi la lita 50 ni rahisi zaidi: maji machache hupata joto upesi, hukolea chumvi upesi na huchafuka upesi. Fundi wa vioo atumie kioo cha milimita 10 na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Maji, kioo, mawe na meza hukaribia kilo 300, kwa hiyo weka tangi kando ya ukuta, juu ya sakafu iliyo sawa, mbali na dirisha la jua la alasiri.

Matumbawe yanataka nyuzi 24 hadi 27 za joto, na hapa ndipo miji hii miwili inapoachana. Mchana wa Kisumu hufika nyuzi 29 au 30, halafu pampu na taa huongeza joto lake. Hita haina kazi kubwa huko, unachohitaji ni feni ndogo mbili zinazopuliza juu ya maji. Zinaweza kushusha nyuzi 2 au 3, ila hukausha lita kadhaa kwa siku. Jazia maji matamu yaliyochujwa, kamwe si ya chumvi, kwa maana kinachoondoka ni maji na chumvi hubaki. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na usiku wake ni wa baridi. Huko weka hita mbili za wati 100 badala ya moja ya wati 200. Hita ikiharibika mara nyingi hunasa ikiwa inawaka. Moja ya wati 100 ikinasa utaigundua asubuhi maji yakiwa na joto kidogo, lakini ya wati 200 huenda ikapika kila kitu.

Stima ikipotea, samaki hawafi kwa giza bali kwa kukosa oksijeni, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Mvua za jioni za Kisumu ndizo mtihani. Chukua betri ya volti 12 ya Ah (ampea-saa) 100. Ina Wh (wati-saa) 1,200, lakini ukitaka betri ya asidi idumu, tumia nusu tu, yaani 600. Pampu ya mawimbi ya wati 10 pamoja na pampu ya hewa ya wati 5 ni wati 15. Hesabu inasema saa 40, na hata inveta ikila sehemu yake bado unavuka siku nzima. Taa usiziunge kwenye betri. Matumbawe huvumilia giza la siku mbili bila tabu.

Kwa mawimbi, jumla ya pampu iwe angalau mara 20 ya ujazo wa tangi kwa saa, yaani kama lita 3,500. Zigawe pampu mbili zinazotazamana kwa mshazari, ili takataka zisilale nyuma ya mawe. Skima ya protini, yaani chombo kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, chagua iliyotengenezewa tangi kubwa kidogo kuliko lako. Mawe makavu ya matumbawe, kilo 15 hadi 20, yanatosha. Yakalishe kwenye kioo kabla ya kumwaga mchanga, la sivyo samaki mchimbaji atayaangusha.

Maji ya bomba yana klorini, na visima vingi vya Nakuru vina floridi nyingi. Nunua chujio la RO (hukamua maji kupitia utando mwembamba) lenye katriji ya DI (huondoa madini yaliyobaki) na upime kwa mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini: isome sifuri. Chujio hili hutupa lita 3 au 4 kwa kila lita moja safi, basi zikinge za kufulia. Chumvi ya jikoni haifai, haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha. Wala usifikirie maji ya Ziwa Nakuru: ni ya magadi, si ya bahari. Tumia chumvi maalumu ya matangi ya matumbawe, kama gramu 36 kwa lita, yaani kilo 6 na kidogo kwa kuanzia, kisha kama gramu 720 kila wiki kwa kubadilisha lita 20. Koroga kwa pampu usiku kucha, kisha pima kwa refraktomita, kipimo cha chumvi: isome 1.025 hadi 1.026.

Tangi likae bila samaki wiki 4 hadi 6. Weka chanzo kidogo cha amonia ili bakteria wa kuvunja sumu hiyo wakue kwenye mawe, na usiingize kiumbe mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Mwani wa kahawia ukitokea usihangaike, hupita.

Sasa samaki. Tangi hili linabeba watano au sita wadogo, na cha kuangalia ni ukubwa na tabia ya kila mmoja akiwa mzima, si rangi yake dukani. Waingie kwa zamu, mpole kwanza na mgomvi mwisho, kwa sababu anayetangulia hujigawia kiwanja.

Anza na Nemateleotris magnifica, yule mwenye mkia mwekundu na uzi mrefu mgongoni. Ni mwoga na huruka, basi funika tangi kwa wavu wa matundu madogo. Kioo kizima hakifai, huzuia hewa na kufungia joto. Baada ya wiki mbili tatu leta Amphiprion akallopisos wawili, wale wa pwani yetu wenye mstari mweupe mgongoni. Chagua wadogo, mmoja mkubwa kuliko mwenzake: wote huzaliwa madume, na mkubwa ndiye hugeuka jike. Wakubwa wawili walio sawa hupigana. Hawahitaji anemoni, yule kiumbe wa bahari mwenye minyiri, na mwanzoni ni heri kuikosa, maana hutembea na kuchoma matumbawe. Salarias fasciatus, mla mwani, asubiri miezi mitatu au minne. Tangi jipya halina chakula chake na hukonda huku unamtazama. Wa mwisho ni Centropyge acanthops, mwenye uso na mgongo wa manjano na mwili wa buluu. Hudonoa matumbawe manene mara mojamoja, kwa hiyo mlishe vizuri.

Chromis viridis huuzwa kwa makundi, lakini hupunguzana mpaka akabaki mmoja. Pseudocheilinus hexataenia ni mzuri sana na ni jeuri vilevile. Kangaja wa samawati anahitaji tangi kubwa zaidi ya mara mbili ya hili, na ni mwepesi kupata ugonjwa wa vidoa vyeupe. Vitatange wengi hula matumbawe, vikande hula kamba na konokono, na chewa hula wenzake wote. Mwache pia yule mdogo anayesafisha wenzake, Labroides dimidiatus, wengi hufa njaa tangini.

Kila mgeni akae wiki 4 kwenye tangi la pembeni. Dawa ya shaba itumike huko tu, kwani tone lake kwenye tangi kuu huua kamba, konokono na matumbawe.

Matumbawe anza na laini: Discosoma, Sarcophyton, Zoanthus. Euphyllia, tumbawe gumu, iache sentimita 15 kutoka kwa jirani, usiku hunyoosha minyiri na kuchoma. Ukishika Zoanthus vaa glavu na miwani, na usichemshe jiwe lenye hizo kwa nia ya kulisafisha, mvuke wake una sumu inayoweza kukulaza hospitali. Matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, basi dai karatasi. Kwenye hifadhi za bahari kama Kisite-Mpunguti na Watamu hakuna kuokota chochote.

Mfuko wa samaki ukifika baada ya safari ndefu, uelee tangini ukiwa umefungwa, dakika 20, ili joto lilingane. Ukishaufungua usikawie. Safarini kabonidioksidi hushusha pH (kipimo cha uasidi) na kuifanya amonia iwe hafifu, lakini ukifungua gesi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile inageuka sumu. Kumdondoshea samaki maji saa nzima kwenye mfuko ulio wazi ni kumtesa. Waombe wauzaji mapema kiwango chao cha chumvi, andaa tangi la pembeni kwa kiwango hicho, kisha mchote samaki kwa kikombe. Maji ya mfuko mwaga chooni, si bustanini, na si mtaroni unaoelekea ziwani.