Jinsi tulivyompangia mama simu, presha ishuke na usingizi urudi

Mama yangu ana miaka 73. Anaishi Muheza, peke yake tangu baba afariki, na kuna binti wa jirani anayekuja asubuhi kumsaidia maji na kufagia. Mimi niko Dar es Salaam. Mwaka juzi sisi watoto wanne tulichanga tukamnunulia simu ya tachi, tukapiga picha naye, tukaondoka. Haikupita miezi mitatu akawa ameacha vidonge vya presha. Kuna sauti ilizunguka kwenye grupu la ukoo, ya mtu ambaye hakuna anayemjua, ikisema kitunguu saumu na ndimu vinatosha. Nilipokwenda kumwona, kipimo kilisoma 178 kwa 102, naye anasema hana neno. Presha ndivyo ilivyo, inapanda bila kukuuma popote.

Sikumnyang'anya simu. Simu hiyo ndiyo inayomletea sura za wajukuu walioko Mwanza kila saa moja jioni, saa ambayo zamani alikuwa anafunga mlango na kulala mapema kwa kukosa wa kuongea naye. Niliomba ruhusa kazini siku nne, tukaanza upya.

Anza na macho. Mama alikuwa anasoma kwa miwani ya marehemu baba, kichwa kinamgonga, sisi tunalaumu simu. Mpeleke mzazi apimwe, apate miwani yake mwenyewe, ndipo uingie kwenye mipangilio ukuze maandishi hadi ayasome simu ikiwa mbali kidogo na uso. Kisha angalia kidole chake. Mama anagusa kwa kukandamiza, na kila alipokandamiza simu ilidhani anataka kufuta au kuhamisha kitu. Alishapoteza picha za msiba wa shangazi kwa namna hiyo na akaona aibu kusema. Kwenye sehemu ya ufikivu (Accessibility) ya simu nyingi za Android unaweza kuongeza muda ambao kidole kinakaa kabla simu haijahesabu kuwa umeshikilia. Weka ule mrefu kabisa. Jambo dogo hilo lilimwondolea mama hofu kuliko maelezo yangu yote.

Ukimfundisha, simu ibaki mkononi mwake. Nilikuwa na tabia ya kuichukua, kubonyeza haraka haraka na kumrudishia, hadi siku moja akaniambia, "Mwanangu, ukiondoka mimi nitabaki na vidole vyangu, si vyako." Tangu hapo nakaa pembeni nasema tu. Akachukua daftari la shule akaandika hatua kwa maneno yake: kijani yenye simu ndani, gusa mara moja, subiri. Jambo moja kwa siku linatosha. Tulianza na kupokea simu ya video, siku ya pili kutuma sauti, na maandishi tuliyaacha mpaka mwisho.

Sasa dawa, ambapo naomba usiwe na haraka. Usimwambie mzazi kwamba grupu zima linasema uongo, kwa sababu aliyetuma ni mdogo wake anayempenda. Mwonyeshe alama. Ujumbe wa WhatsApp uliokwishapita mikono mingi huwa na mishale miwili juu yake. Nilimwambia mama: ukiona mishale miwili, ujue hata aliyekutumia hamjui aliyesema. Kisha tukakubaliana sharti moja, akaliandika ukurasa wa kwanza wa daftari: kidonge hakiachwi wala hakiongezwi kwa neno la simu, mpaka nimemuuliza mhudumu wa kliniki. Kitunguu saumu aweke kwenye mchuzi kama kawaida.

Simu hiyohiyo tukaipa kazi kwenye presha yake. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai, mama anakwenda haja ndogo, anakaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano bila kuongea, nyayo zote mbili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, anapima, anapiga picha kipimo na kututumia. Picha hizo anazionyesha kliniki siku yake ikifika. Tangu arudie vidonge, mara nyingi anakuwa chini ya 140 kwa 90.

Kukaa sana nako kuna madhara yake. Kigoda cha jikoni kilimvimbisha miguu, kwa hiyo simu inatazamwa kwenye kiti tu. Kila dakika 20 hivi anatazama mwembe wa nje, ulio zaidi ya mita sita, kwa sekunde 20, halafu anainuka kidogo.

Usiku ndio uliotutesa. Grupu la ukoo linatangaza tanzia saa yoyote, na mama aliwahi kuona picha ya maiti ya mpwa wake saa tisa usiku, peke yake chumbani. Hakulala siku tatu. Niliomba kwa heshima kwenye grupu kwamba habari ya msiba wa karibu mama aambiwe na mmoja wetu kwa kinywa, mchana, na jirani akiwepo. Walielewa. Grupu lenyewe tumelinyamazisha. Saa tatu usiku simu ya tachi inachajiwa sebuleni, na kitandani anabaki na kitochi, simu yake ndogo ya vitufe ya zamani, yenye namba zetu wanne na ya jirani, ili akizidiwa atupate na sisi tukimhitaji tumpate.

Matapeli nao wanagusa afya. Aliwahi kupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", akadhani ni kaka yangu, akatuma. Alificha wiki mbili, hali chakula vizuri, usiku halali usingizi. Kwa hiyo kwanza mwahidini mzazi kwamba hatagombezwa, na mtimize. Kisha: hatumi pesa bila kusikia sauti ya mwenyewe, na namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata kwangu. Tanzania, namba ya tapeli unairipoti kwa 15040, na *106# inakuonyesha namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuna utafiti wa New York University uliotoka 2023, uliofuatilia Wamarekani 18,154 waliokuwa na miaka 50 hadi 65 wakati wa kuanza. Waliotumia intaneti mara kwa mara walipata dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, kwa kiwango cha karibu nusu ya wasiotumia. Hiyo haithibitishi kwamba intaneti ndiyo iliyowakinga. Huenda mwenye afya na kipato ndiye anayeingia mtandaoni zaidi. Lakini kilinitosha kuacha kumwambia mama kwamba simu si mambo ya umri wake.

Mwezi uliopita alinipigia asubuhi. Wamama wa mtaa wake sita wamefungua grupu lao, na yeye ndiye aliyewafundisha kutuma sauti. Hulitumia kuulizana saa ya kutoka, kisha wanatembea pamoja hadi sokoni kabla jua halijawa kali.